Barua ya wazi: Baba anabanwa hadi mtoto amalize masomo, Serikali je?

KWA:
Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum;
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa);
Wakurugenzi wa halmashauri zote za mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

YAH: VIJANA WANAOTOKA KWENYE MAKAO YA WATOTO NA MALEZI YA KAMBO WAKITIMIZA MIAKA 18

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Moshi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mezani kwangu hupita kila kitu: talaka, mipaka ya mashamba, mishahara ya wadada wa kazi iliyokaliwa, mikopo ya kausha damu. Ila nina wateja wa msimu. Kuanzia mwishoni mwa Novemba huanza kuja vijana waliotoka kwenye makao ya watoto, wa hapa mjini, wa Himo, hata wa Usa River na Ngaramtoni, pamoja na wachache waliokuwa kwenye familia za malezi ya kambo, yaani familia zilizokabidhiwa mtoto asiye wao wamlee. Wametimiza miaka 18 na wameambiwa huduma imeishia hapo. Nawaandikia kwa ajili yao, na naomba niseme shida yenyewe mapema, msije mkachoka kabla hamjaifikia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Hapo hatuna ugomvi. Lakini sheria hiyohiyo, inapomfikia mzazi aliyeamriwa na mahakama kutoa matunzo, haisimami kwenye 18. Inamruhusu hakimu kuendeleza amri hiyo hata baada ya umri huo, endapo mtoto bado yuko masomoni au kwenye mafunzo. Nimewasaidia akina mama kuandika maombi ya namna hiyo. Baba husimama mahakamani akasema, "Huyu ameshakuwa mtu mzima, mheshimiwa," na hujibiwa kuwa mtu mzima huyo yuko kidato cha tano, anahitaji nauli, sare na daftari, kwa hiyo aendelee kutoa.

Sasa chukueni mtoto ambaye hana baba wa kupelekwa mahakamani. Afisa ustawi wa jamii alimtoa mahali pa hatari, mahakama ikatoa amri ya matunzo (hii si ile ya kumdai baba, ni ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wa Serikali), akapelekwa kwenye makao yenye leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na halmashauri ndiyo yenye jukumu la kisheria la kulinda ustawi wake. Amri ile haivuki siku anapotimiza miaka 18. Akiwa kidato cha pili, akiwa chuo cha ufundi cha VETA, akiwa mgonjwa, haivuki, na hakuna hakimu wa kumwendea aiongeze. Mzazi mkulima wa Uru anabanwa hadi mwanawe amalize masomo. Serikali, iliyomchukua mtoto kwa mkono wake yenyewe, imejisamehe. Ninachoomba katika barua hii yote ni kwamba Serikali ijipime kwa kipimo kilekile inachompimia baba.

Najua mtaniambia wanaofikisha 18 wameshamaliza shule. Hawajamaliza. Mtoto wa makao kwa kawaida huchelewa kuanza. Kabla ya kuletwa alikuwa anachunga ng'ombe wa watu, au anaokota chupa stendi, au amekaa kwa bibi ambaye hakuwa na uwezo wa sare. Akishaletwa, hupita muda mrefu akitafutiwa ndugu na kutafutiwa karatasi. Wenzake wakitimiza miaka 18 wakiwa wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne au wameshauvuka, yeye anaitimiza akiwa bado na fizikia ya kidato cha pili mkononi. Makao mengi, nayashukuru, huwaacha wamalize kidato cha nne. Lakini huo ni uungwana wa mwenye makao, na uungwana huo hutegemea mfadhili. Mfadhili akibadilisha mawazo mwezi wa nne, kijana anatoka mwezi wa tano.

Na hata huyo aliyeachwa amalize anaangukia kwenye pengo ambalo nadhani halikukusudiwa na mtu. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba. Matokeo hutoka Januari. Waliochaguliwa kwenda kidato cha tano huripoti Julai. Makao huhesabu kuwa kijana amemaliza siku ile anapoweka kalamu chini. Katikati hapo kuna miezi saba au minane ambayo kijana mwenye akili za kwenda mbele anatakiwa ale, alale na avae kwa fedha asiyo nayo, akisubiri shule ambayo Serikali yenyewe imeifanya bila ada tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Nimewaona waliochaguliwa na hawakuripoti. Walipofika Julai mmoja alikuwa saidia fundi Boma Ng'ombe, mwingine ana mimba ya miezi mitano.

Kijana mmoja alikuja ofisini kwetu Desemba na godoro la futi tatu limekunjwa, limefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa na begi la shule, Sh 50,000, na bahasha ya kaki iliyokuwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa (nakala, si cheti chenyewe), kadi ya kliniki na picha yake ya utotoni akiwa amesimama na mgeni mwenye kofia pana. Hakuja kushtaki mtu. Aliniuliza, "Mama, godoro naweza kuliacha hapa nikatafute chumba?" Alikuwa amezunguka Njoro na Pasua asubuhi nzima akiwa amelibeba kichwani, na kila mwenye nyumba alipoliona aliuliza kwanza godoro linatoka wapi. Chumba cha Sh 30,000 kwa mwezi kilikuwepo. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, mdhamini, na barua ya mwenyekiti wa mtaa alikotoka. Mwenyekiti wa mtaa wa yale makao alisema hamjui, kwa sababu kweli hamjui. Miaka yote ile kijana alikuwa anatoka getini kwa basi la shule na kurudi getini kwa basi la shule.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikumbuki kulisikia kwenye warsha yoyote ya ulinzi wa mtoto, pengine kwa sababu ili ulione lazima uwe umekaa vikao vya ukoo. Ni mirathi.

Huku kwetu mtu ni kihamba. Shamba lile la migomba na kahawa ndilo nyumbani na ndiko atakakozikwa, na ukimtajia mtu hapa Moshi kuwa wewe ni Massawe au Temu, swali linalofuata ni "wa wapi?" Baba akifariki, ukoo hukaa, huandika muhtasari wa kikao, hupendekeza msimamizi wa mirathi, na karatasi hiyo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Ndani yake huorodheshwa warithi. Mtoto aliyeko makao mjini hayupo kikaoni, hana wa kumtaja, na mara nyingi hatajwi. Sisemi kila mara ni kwa ubaya. Baba wadogo wengine wanaamini kabisa kuwa yule mtoto amepata wazungu, atasomeshwa hadi Ulaya, na kwamba bahati yake inawazidi wote waliobaki kwenye migomba. Wanagawana wakiwa na dhamiri safi.

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki katika mali ya mzazi wake. Hiyo ndiyo sheria. Lakini nani alifungua jalada la mtoto huyo akiwa na miaka 9 akauliza: marehemu baba yake aliacha nini, na msimamizi ni nani? Katika majalada niliyopata nafasi ya kuyaona kuna uzito wa mtoto, chanjo, ripoti za shule, barua kwa wafadhili. Neno mirathi sijakutana nalo.

Halafu zinafika siku za mwisho. Sera yetu, na ni sera nzuri ninayoiunga mkono, inataka watoto warudishwe kwenye familia badala ya kukulia kwenye makao. Kwa mtoto wa miaka 5, kazi hiyo hufanywa kwa ziara, mazungumzo na ufuatiliaji. Kwa kijana anayekaribia miaka 18 huwa ni safari moja ya gari. Anapelekwa Rombo au Kibosho kwa baba mdogo aliyemwona mara ya mwisho akiwa hajaota meno ya pili, fomu inasainiwa, picha inapigwa, na kwenye ripoti anaandikwa "ameunganishwa na familia". Wana wa baba mdogo wanamtazama na kujua amekuja kugawana. Kabla ya Pasaka ameshashuka mjini. Wachache wenye moyo huja kwangu, tunaenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na huko tunakuta shamba limeshauzwa nusu na nusu iliyobaki ina nyumba ya mtu. Kwa binti ni zaidi ya hapo, maana hata aliyekulia nyumbani mila zilimpa shida kupewa kihamba, sembuse aliyekulia kwa masista.

Dawa yake ni barua moja. Mtoto aliyefiwa akiingia kwenye makao, afisa ustawi aandike kwa mtendaji wa kijiji cha wazazi na kwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo lile kuwa yupo mrithi mwenye jina hili, yuko chini ya ulinzi wa halmashauri, asirukwe. Nakala ikae kwenye jalada. Gharama yake ni karatasi na nauli ya noah.

Nirudi kwenye bahasha ya kaki. Kijana wa Tanzania akifikisha miaka 18 anaanza maisha kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Bila namba hiyo hasajili laini ya simu kwa jina lake, bila laini hapokei hata malipo ya kibarua, na akaunti ya benki asahau. Fomu ya NIDA inauliza majina ya wazazi, walizaliwa lini, wapi, uraia wao. Kwa mtoto aliyeachwa wodini au kuokotwa stendi mistari hiyo ni mitupu. Kwa mikoa yetu miwili kuna jambo la ziada: Kenya iko hapo Holili na Tarakea, na upande wa Arusha iko Namanga, kwa hiyo maswali ya uraia huwa makali, na si kosa la afisa kuyauliza. Kosa ni kumwacha kijana ayajibu peke yake, wakati Serikali ina jalada lake lenye historia nzima na jalada hilo limefungiwa kabatini ofisi ya pili. Kwenye ofisi moja ya umma niliwahi kusimama dirishani na binti aliyeambiwa alete mzazi. Akasema hana. Akaambiwa basi alete cheti cha kifo. Akasema hajui kama walikufa. Yule afisa alitazama fomu, akatazama foleni, akasema kwa upole kabisa, "Basi dada yangu nenda kafikirie."

Kwenye mikopo ya elimu ya juu hali ni hiyohiyo. Yatima hupewa kipaumbele, na uthibitisho wa uyatima ni cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo. Ni utaratibu wa haki kwa aliyefiwa. Kwa aliyetupwa haumsaidii. Hawezi kuhakiki kifo ambacho hakijui. Barua ya mfadhili inakubalika, lakini hiyo inaeleza ada ya sekondari ililipwa na nani, haielezi kuwa huyu hana mtu. Na kuna ukatili mdogo hapo ambao nadhani haukukusudiwa: aliyesomeshwa na wafadhili shule ya kulipia anaonekana kwenye karatasi kama mtoto wa wenye nacho. Ingetosha Bodi ya Mikopo ikubali cheti cha halmashauri, chenye saini ya afisa ustawi na kumbukumbu ya amri ya mahakama, kuwa mwombaji alikuwa chini ya matunzo ya Serikali.

Kuhusu kazi sina mengi, mnayaona wenyewe. Wavulana huenda kuwa wagumu mlimani, wale wanaobeba mizigo ya watalii kupitia geti la Machame na Marangu, na huko napo kuingia ni kwa kujuana. Boda inataka mdhamini. Wasichana huchukuliwa kuwa wadada wa kazi, mshahara ukiwa chakula na ahadi. Na bima: Toto Afya Kadi ni ya walio chini ya miaka 18, kwa hiyo mwenye selimundu au kifafa hupoteza kadi mwezi uleule anaopoteza kitanda.

Kwa wenye makao pia nina neno, kwa kuwa wengi wao watasoma hapa. Arusha hasa. Wapo wageni wanaoshuka kutoka Ngorongoro wakiwa na nusu siku ya kupoteza, wakapelekwa kuona watoto. Mtoto wa miaka 4 hupigwa picha na kubebwa. Kijana wa miaka 17 mwenye ndevu zinazochipuka huambiwa akakae bwenini wageni wamalize. Sadaka inafuata picha, na kwa sababu hiyo fedha nyingi hulalia upande wa watoto wadogo na kukauka upande wa wanaoondoka. Kanuni za Makao ya Watoto za mwaka 2012 zinataka kila mtoto awe na mpango wake wa malezi. Mpango usiosema atalala wapi usiku wa kwanza baada ya kutoka una upungufu, na mkaguzi wa halmashauri angepaswa kuuliza hilo kabla ya kukagua rangi ya jiko.

Hatutakuwa wa kwanza kufanya hivi. Uingereza ilitunga sheria ya vijana wanaotoka kwenye malezi mwaka 2000, ikailazimisha halmashauri kumpa kila kijana mshauri wake, na sheria yao ya mwaka 2017 inaruhusu msaada huo ufike hadi miaka 25. Marekani ilitenga fedha za vijana hawa mwaka 1999, na mwaka 2008 ikaziruhusu serikali za majimbo kuendelea na malezi ya kambo hadi miaka 21 kwa mchango wa serikali kuu. Najua mtasema hizo ni nchi tajiri. Basi Kenya: mwaka 2022 wametunga Sheria mpya ya Watoto na kuzindua mkakati wa miaka kumi wa kuhamisha malezi kutoka kwenye taasisi kwenda kwenye familia. Na mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, unasema maandalizi ya kutoka yaanze mapema na kila kijana, inapowezekana, apewe mtu maalumu wa kumsindikiza. Sihitaji tuige chochote neno kwa neno. Nataka tu isisemwe kuwa jambo hili halijulikani.

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, kuongeza umri wa amri ya matunzo kunahitaji Bunge, na naomba muswada huo uandaliwe: hakimu awe na uwezo wa kuiendeleza hadi kijana amalize masomo au mafunzo, maneno yaleyale yaliyotumika kwa baba. Lakini mengi ya haya yako mkononi mwako. Kanuni za makao na za malezi ya kambo hutungwa na Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Unaweza kuandika humo kwamba hakuna kijana anayetoka bila cheti halisi cha kuzaliwa, namba ya NIDA, muhtasari wa jalada lake, na jina la afisa atakayemfuatilia. Na kwamba asiyekuwa na pa kwenda asitolewe kati ya mtihani na Julai. Mama wa malezi ya kambo naye aandikwe. Nina mmoja namfahamu, muuza mboga soko la Mbuyuni, aliyekaa na mtoto tangu akiwa darasa la tatu. Kijana alipofika 18 ziara za ofisi zilikoma, naye akabaki akiniuliza kama bado anaruhusiwa kuishi naye. Ndiyo, anaruhusiwa. Ila swali lenyewe linaonyesha jinsi tulivyomwacha.

Wakurugenzi, fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 ni ya vijana. Huko kunahitajika kikundi, na kijana aliyetoka makao jana hana kikundi, hana mtaa unaomjua, hana biashara ya kuonyesha. Wasaidieni kuunda vikundi, sawa, lakini binafsi sipendi mtu aanze utu uzima kwa deni. Afadhali kifungu kidogo cha ruzuku kwenye bajeti ya ustawi wa jamii. Ada ya VETA kwa mwaka ni Sh 60,000 kwa wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Hiyo ya bweni ni sawa na kodi ya miezi minne ya kile chumba cha Njoro, na ndani yake kuna fani na paa. Ongezeni vifaa, sare na nauli, bado ni chini ya posho za kikao kimoja cha siku mbili, na hapo nimekaa kimya kuhusu chakula cha mchana.

Kuna hoja moja nzito niliyopewa na diwani ninayemheshimu. Alisema: "Dada, kata yangu ina vijana mia wa miaka 18 wenye wazazi maskini, hawana godoro wala VETA. Hawa wa makao wana nini cha kuwatanguliza?" Nimeifikiria sana, kwa sababu ni kweli. Jibu langu ni kwamba wale mia hatukuwachukua. Huyu mmoja tulimchukua kwa amri ya mahakama, tukamhamisha kijiji, tukamkatia ukoo, tukamlea ndani ya geti ambalo mwenyekiti wa mtaa halijui, kisha tukamkabidhi kwa dunia inayouliza kwanza wewe ni wa nani. Aliyesababisha sehemu ya upweke ule ana wajibu ambao hana kwa wengine. Baba akikataa wajibu kama huo, sisi wasaidizi wa kisheria tunajua pa kumpeleka.

Mwisho, idadi. Niliomba kwenye ofisi moja ya halmashauri orodha ya waliotoka makao mwaka uliopita na walipo sasa. Nilipewa idadi ya waliomo ndani, kwa umri na jinsia, imepangwa vizuri. Ya waliotoka haikuwepo, kwa sababu hakuna fomu inayoiuliza. Iwekeni fomu hiyo. Safu nne zinatosha: jina, tarehe ya kutoka, alikokwenda, simu. Na afisa ampigie baada ya miezi mitatu.

Mitihani ya kidato cha nne inaanza Novemba. Kabla ya hapo naomba kila halmashauri ya mikoa hii miwili iandikie makao yote yenye leseni, ipate majina ya wanaotimiza 18 mwaka huu, na ikae na kila mmoja mara moja kuhusu karatasi zake, mirathi yake na mahali atakapolala Desemba. Maafisa ustawi ni wachache na kata ni nyingi, nalijua hilo. Wasaidizi wa kisheria tupo, karibu kila wilaya, na mimi mwenyewe niko tayari kukaa na afisa yeyote tufungue majalada. Njia ya RITA na dirisha la vitambulisho nimezizoea kuliko nilivyopenda.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Moshi, Kilimanjaro.

Nakala:
Kamishna wa Ustawi wa Jamii;
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Ustawi na Maendeleo ya Jamii;
Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha;
Wenye makao ya watoto wa mikoa yote miwili.